Aliyefukuzwa na bahari naye ni mkimbizi

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Watu wakisikia mabadiliko ya tabianchi wanadhani mamilioni watavuka mipaka kesho, kumbe wengi wanahamia humohumo nchini kwao, Benki ya Dunia ilisema 2021 wanaweza kufika milioni 216 ifikapo 2050. Sasa huyo anayevuka ndo ana kazi, maana mkataba wa wakimbizi wa 1951 unaongelea anayeteswa kwa dini, siasa na kadhalika, aliyefukuzwa na bahari au ukame hayumo. Muulizeni Teitiota wa Kiribati, nchi ya visiwa huko Pasifiki, aliomba hifadhi New Zealand kwa sababu ya bahari kupanda, ikamrudisha kwao 2015! Tuvalu, nao visiwa vya Pasifiki, angalau wameelewana na Australia iwapokee watu 280 kwa mwaka, ila si ndo kupanga foleni maji yakiwa magotini jamani?