Malalamiko: mota ya Hiace mliyoifunga na deliko (kigawa cheche) ikiwa imegeuka

Bukavu, tarehe 14 Agosti 2023

Bwana Meneja,

Salamu. Mimi ndiye mama mwenye Hiace ya esansi (petroli), mota 4Y, niliyoleta kwenu mwezi wa sita ifunguliwe na kufungwa upya. Nililipa dola 850 zote, na fakitire ninayo.

Tarehe 1 Agosti nilikuja kuichukua. Mota ilizunguka, ikakataa kuwaka, halafu ikapasua mlio kwenye kabireta, moto ukaruka juu. Watu waliokuwa barabarani waliinama. Mnajua mji huu umesikia nini. Kijana wenu akaniambia: «Mama, ni mafuta yako, unanunua kwa makadhafi, wale wauza mafuta wa barabarani.» Nikaenda kituoni, nikarudi na lita kumi. Mlio ukawa ule ule. Akaendelea kushika ufunguo, tangu saa nne asubuhi, mpaka stata ikatoa moshi. Saa tisa mkasema nilivute gari nyumbani, eti mota bado inazoea. Mota ambayo haijawaka hata dakika moja itazoea nini?

Jumamosi ile nilimwita mzee mmoja wa hapa Kadutu, fundi wa miaka mingi. Yeye hakuuliza habari ya mafuta. Aliondoa buji (plagi ya cheche) ya silinda ya kwanza, akaniambia nizibe tundu kwa kidole gumba, huku mdogo wangu akizungusha puli polepole. Nilipohisi pumzi inanisukuma kidole, wakasogeza puli mpaka alama ikakaa mahali pake. Ndipo akafungua kifuniko cha deliko. Rota, kile kimkono cha ndani kinachogawa cheche, ambayo saa hiyo ingepaswa kutazama waya wa silinda ya kwanza, ilikuwa inatazama waya wa nne. Picha ninayo, nimeiambatanisha.

Alinieleza nikaelewa. Alama ya puli inafika juu mara mbili wakati deliko inazunguka mara moja: safari moja pistoni imebana hewa, safari nyingine inamalizia tu kutoa moshi. Aliyefunga aliamini alama peke yake. Mpangilio wa nyaya, 1-3-4-2, ulikuwa sawa, lakini wote ulianzia upande usio wake. Cheche ilipiga wakati valvu ya kuingiza inaanza kufunguka, kwa hiyo moto ukarudi kwenye kabireta. Hilo la kidole ni kazi ya dakika tano, Bwana Meneja, na garajini kwenu hakuna aliyeifanya.

Kinachoniuma zaidi ni yale masaa ya kuzungusha. Mzee alichomoa kijiti cha oili, akaninusisha: harufu ya esansi tupu. Esansi isiyowaka ilishuka ikaosha kuta za silinda, segimenti (ringi za pistoni) mpya zikasuguana na chuma kikavu. Tulimwaga oili yote, tukaweka mpya, tukafunga stata nyingine, tukazungusha bila buji mpaka taa ya oili ikazimika. Akaigeuza deliko nusu mzunguko. Mota iliwaka mara ya pili tulipogusa ufunguo. Lakini inatoa moshi wa buluu, na mota mpya haikupaswa kutoa moshi huo.

Nilipowapigia simu mlinijibu kwamba garanti imekufa kwa sababu gari limeguswa na fundi wa nje. Aliligusa baada ya ninyi kushindwa na kunirudisha nalo kwa kamba. Wiki mbili sasa halijaenda Kavumu, na wamama wa mboga ninaowabeba wamehamia gari lingine.

Nataka mnirudishie dola 70 za stata pamoja na bei ya oili. Nataka mpime mbano wa silinda zote nne mbele yangu na mbele ya mzee, na kama kuna moja iliyo chini, mota ifunguliwe kwa gharama yenu. Sikubali kijana yule aifunge peke yake tena.

Nitalileta Jumatatu tarehe 21 Agosti, saa mbili asubuhi. Naomba jibu la maandishi kabla ya siku hiyo.

Mwenye Hiace ya buluu,
Kadutu