Mtepe wa Fundi usiuzwe

Amu (Lamu), Jumatatu usiku

Ndugu yangu,

Assalaam alaykum warahmatullah. Hujambo, watoto hawajambo? Sisi huku wazima, alhamdulillah. Mama anakusalimu sana na anauliza ile halua uliyomwahidi imekwama Mtwapa au vipi. Tumekaa kimya mno, lakini hayo tutalaumiana tukionana. Leo nina haja nawe.

Habari za Fundi umezipata, Mungu amrehemu. Mazishi yalijaa, hata wa Matondoni walikuja na mashua zao, na khitma imeshasomwa. Sasa yamebaki ya duniani, na hayo ndiyo yananinyima usingizi.

Ule mtepe wake unaukumbuka, ule mfano mdogo wa chombo cha kale cha kushonwa kwa kamba? Ulipokuja kwa Maulidi ulikuwa mkuku na mbao chache tu. Umefika nusu. Upande mmoja ameushona wote, upande wa pili mbao zimeshatobolewa lakini kamba bado. Juzi niliushika, nikaupeleka dirishani kwenye mwanga. Matundu yamepangwa sawasawa, ameyatoboa kwa ile keekee ndogo aliyojiundia mwenyewe. Kamba ni ya makumbi, kaisokota kwa vidole. Ndani ya kila tundu amesukuma kijiti cha kukaza kamba, kisha kwa nje akaikata kamba usawa wa ubao, kwa hiyo ule upande uliokwisha ukiutazama kwa nje huoni ila vichwa vya vijiti. Hakuna msumari, hakuna gundi. Tanga lake la mkeka, la mraba, alikuwa ameshalisuka, limekunjwa kwenye kapu pamoja na msasa.

Basi kuna mfanyabiashara mmoja ameahidi fedha nzuri, kwa sharti kwamba seremala mwingine aumalize na kuupaka vanishi. Na nyumbani wanaelekea kukubali. Siwalaumu, madeni ya dawa yapo na mabinti wana haki yao katika mirathi. Lakini ndugu yangu, ukimalizwa ndio umepotea! Faida yote iko kwenye upande usiokwisha. Mtoto akiutazama hapo anaona jinsi chombo kilivyoshikana, kamba inapita wapi, kijiti kinaingia lini. Mitepe ya mwisho iliundwa miaka ya 1930, na wazee walioiona ikipakia boriti karibu wote wametangulia. Fundi alikusanya elimu hii kwa kuuliza vibarazani, na kwa kusimama mbele ya ule mfano wa makumbusho yetu mpaka walinzi wakamzoea.

Nimekumbuka mengi wiki hii. Watu wanamtaja kwa vijahazi vya kuuzia watalii, lakini nusu ya mji huu ni mkono wake. Macho ya vyombo, ile nyota na mwezi, nani mwingine alikuwa akiyachora kwa mkupuo mmoja bila kupima? Bango la madrasa, jina la duka la mjomba, maua ya mlango wa kina Bi Mkubwa. Na unakumbuka alivyokuwa akiumia kufupisha foromali, ule mti wa kushikilia tanga, ili kijahazi kiingie kwenye sanduku la mgeni? "Jahazi la foromali fupi ni kuku asiye na mkia," alikuwa akisema, kisha anakata huku amenuna.

Halafu wageni wakaadimika. Ule utekaji wa wageni wa 2011, kisha mashambulizi ya Mpeketoni na amri ya kutotoka usiku ya 2014, mji ukanyamaza na soko lake likafa. Wengine waliweka patasi chini wakaenda kutafuta kibarua. Yeye ndipo alipoanza kuunda vyombo anavyovitaka, foromali kamili, mataruma (mbavu za ndani) kamili, omo ya mbele na tezi ya nyuma kama zinavyotakiwa, ijapokuwa hakuna wa kununua. Nauli ya Unguja aliitoa wapi sijui, lakini alikwenda kuuona ule mtepe mkubwa ulioundwa 2003 ukawekwa Beit al-Ajaib, lile jumba la makumbusho. Aliporudi hakuwa na mazungumzo mengine. Jumba lilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020 alinipigia simu. Aliuliza watu kwanza. Akanyamaza kidogo, ndipo akauliza mtepe.

Nisikuchoshe. Haja yangu ni kijana wake mkubwa, huko huko Mombasa. Sisi akituona anajua tumekuja kumpinga, lakini wewe anakusikia tangu mlipokuwa chuoni. Mwambie hatuombi bure. Tutachanga, na bei ile ile tutalipa kidogo kidogo, ili mtepe ubaki Amu kama ulivyo, na keekee yake, na kapu lake. Asije akaruhusu mtu kuugusa kwa gundi. Hilo hata kama mengine yote atayakataa.

Bado yuko bandarini? Anakaa Kisauni au amehama? Unaweza kumwona kabla ya arobaini, maana siku hiyo ndiyo watagawana? Wewe mwenyewe utaweza kutoa kiasi gani, na nimtegemee pia shemeji yako? Yule rafiki yetu wa Fort Jesus bado ana sauti pale, au amestaafu? Na jahazi alilokupa Fundi siku ya harusi, lipo? Nitumie picha yake, ya ubavuni na ya ndani, kwani binti yake mdogo ameanza kuchora vyombo vyote vya baba yake katika daftari na hilo hajawahi kuliona.

Anayekuletea barua hii anarudi Ijumaa kwa basi la asubuhi. Mpe jibu mkononi, na halua ya Mama kama imepatikana.

Wasalaam,
Nduguyo wa Langoni