Asante wewe uliyenisaidia kupunguza gemu yangu
Wewe uliyejibu swali langu kuhusu gemu niliyoitengeneza nyumbani ikawa nzito kupita kiasi, yaani mafaili yake makubwa mno kuyatuma, pokea shukrani zangu. Jina lako silijui, ila msaada wako nauona kila ninapomtumia mtu gemu hiyo na ikafika.

Wengine waliniambia niibane tu kwa zip (kuyafungasha mafaili pamoja yawe madogo), basi. Wewe ulieleza kwa nini hiyo haitoshi: picha za JPEG na sauti za MP3 zimeshabanwa, zip haikuti cha kukamua. Ukanielekeza kwenye muziki. Sauti ya WAV, yaani isiyobanwa, yenye ubora wa CD hula takriban megabaiti 10 kwa dakika. Ikigeuzwa kuwa OGG, aina ya sauti iliyobanwa, ya kilobiti 128 kwa sekunde, hubaki karibu megabaiti 1. Vishindo vya miguu na milio ya milango ukasema viwe vya mono (mkondo mmoja wa sauti badala ya miwili ya stereo), maana nani atakaa kuusikiliza mlango kwa stereo? Nilicheka, nikatii.

Kisha picha. Yenye pikseli (vinukta vinavyounda picha) 4096 kwa 4096 ina pikseli mara 16 ya ile ya 1024 kwa 1024, na pipa dogo la pembeni mwa skrini halihitaji utajiri wote huo. Ukasisitiza nitunze mafaili ya asili kando, kwa kuwa ubora ukishapotea kwenye OGG au JPEG haurudi. Ushauri huo peke yake ulitosha kukushukuru.

Mafaili yasiyotumika niliyafuta mwenyewe; hayo mengine yote ni yako. Ubarikiwe sana, popote ulipo.