Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonesho ya Maabara

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Karibu sana shuleni kwetu. Mwaka huu klabu imeshughulikia mada moja tu: jinsi mwanadamu anavyoisogeza molekuli moja, akaiweka anapotaka.

Hadubini ya kazi hiyo ilibuniwa mwaka 1981 na Gerd Binnig na Heinrich Rohrer huko Uswisi. Haina lenzi. Ina sindano ambayo nchani kabisa hubaki atomu moja, nayo hupita juu ya uso wa metali bila kuugusa. Umeme kidogo huvuka pengo hilo. Pengo likipanuka kwa sehemu moja ya bilioni kumi ya mita, umeme hupungua karibu mara kumi. Kwa hiyo hadubini hii haioni, inapapasa, kama kipofu anavyosoma kwa kidole.

Ndugu Mgeni Rasmi, lililotugusa zaidi lilifanyika Berlin mwaka 2000. Saw-Wai Hla na wenzake walilaza molekuli za iodobenzini, yaani pete ya kaboni iliyobeba atomu moja ya iodini, juu ya shaba yenye baridi kali. Kwa umeme wa sindano wakang'oa iodini, wakakokota mabaki mawili hadi yakakaribiana, wakayapiga umeme tena yaungane. Yameungana kweli? Walivuta upande mmoja, na wa pili ukafuata. Kemia tunayoisoma ubaoni, wao waliifanya kwa molekuli mbili tu!

Sindano hiyo huendeshwa na kauri inayorefuka ikipewa umeme, na kinyume chake, ikibonyezwa hutoa umeme. Sisi tulifungua saa mbovu ya mezani, tukatoa kisahani chake cha mlio, ambacho ni kauri ya aina hiyohiyo, tukakiunga kwenye voltimita. Ukikibonyeza kwa kidole gumba, mshale unaruka. Tafadhali ufike meza ya tatu ukibonyeze mwenyewe.

Changamoto yetu ni vifaa. Voltimita ni hiyo moja, wanachama ni arobaini, na nyaya tunazisokota kwa mkono, zinaachia katikati ya jaribio. Tunaomba utusaidie voltimita nne na vifaa vya kuchomelea nyaya. Tunaomba pia utuombee nafasi ya kutembelea maabara ya fizikia ya chuo kikuu, tukaone sindano inavyoongozwa na kompyuta.

Tunaomba kuwasilisha.