Mgambo wetu wa Tanga hawana hata ukuta mmoja

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua, dukuduku hili ninalo siku nyingi.

Hapa Tanga ikifika Novemba tunaanza kusimuliana vita ya 1914, Waingereza walivyoshuka Ras Kazone na wanajeshi kama 8,000 wengi wao Wahindi, Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, ana watu kama 1,000 tu na wengi kawaleta kwa treni kutoka Moshi, basi Waingereza wakapigwa wakarudi melini wakaacha bunduki na risasi zaidi ya laki 5. Ya nyuki waliowavamia wanajeshi vitani sisemi, hiyo hata mtoto wa la pili anaijua.

Ila kuna kitu tunakiruka. Upande wa Mjerumani hawakuwa askari wa kuajiriwa peke yao, walikuwemo na wazungu wa mashamba huko Usambara, watu wa mkonge na kahawa, vita ilipoanza wakaitwa wakapangiwa kampuni zao. Kwa lugha ya leo hao ni jeshi la akiba. Tom von Prince alishaacha jeshi zamani analima zake Sakarani, akarudi kuwaongoza na akafia hapa hapa mjini tarehe 4 Novemba. Jina lake mpaka leo linatajwa. Askari wetu waliokufa siku ile ile nani anaweza kunitajia hata watatu?

Sasa naona tunarudia yale yale kwa mgambo wetu wenyewe.

Mwongozo wa TANU wa 1971 ulipotoka, Amin kashachukua nchi Uganda na Guinea nako Wareno walishavamia mwaka wa nyuma yake, ikaamuliwa ulinzi ni wa wananchi wote siyo wa jeshi peke yake. Mgambo ikapamba moto nchi nzima. Baba yangu mkubwa alikuwa kuli bandarini, jioni akitoka kazini anapitia uwanja wa shule kupiga kwata na wenzake, bunduki za mbao wamechonga wenyewe na kitako kimesuguliwa kwa msasa mpaka kinang'aa, miguuni katambuga, afande akisema mguu sawa unasikia matairi yanagonga chini paa, halafu mmoja anachelewa na wote wanarudia upya. Watoto tulikuwa tunacheka sana. 1978 Amin alipoingia Kagera kicheko kikaisha, kwa sababu makumi ya maelfu ya mgambo toka nchi nzima waliingizwa jeshini na baadhi ya hao waliokuwa wanachekwa nao wakaondoka, na siyo wote waliorudi.

Wenzetu Uingereza jeshi lao la akiba lilipopangwa upya 1908, miji mingi ilikuwa na ukumbi wake wa kwata, jengo kabisa lina mlango na ubao wa majina. Kumbi nyingi sikuizi ni jimu au makanisa au zimekatwa nyumba za kupanga, lakini ukiuliza unaambiwa vijana wa mtaa huu walikusanyika hapa Agosti 1914 wakapanda treni. Sisi ukumbi hatukuwa nao na sidhani kama tuliuhitaji, jua la Tanga na uwanja vilitosha. Tabu ni kwamba uwanja haushiki kumbukumbu. Ule wa baba mkubwa upande mmoja zimejengwa fremu, wanauza vocha na chipsi, na vijana wa pale ukiwatajia mgambo wanawaza wale wanaobeba meza za machinga na kumwaga vikapu vya akina mama. Siwalaumu, ndio mgambo pekee waliowaona.

Ombi langu siyo mnara. Minara inajengwa, mgeni rasmi anakata utepe, baada ya hapo mbuzi wanalala kivulini. Makumbusho ya Urithi pale Boma la zamani yana picha nzuri sana za mji enzi za Mjerumani, basi waongeze hata ukuta mmoja wa mgambo. Washauri wa mgambo wa wilaya wakishirikiana na watendaji wa kata wapite kwa wazee waulize majina, nani alifundishwa uwanja gani, nani alikwenda Kagera na nani hakurudi, warekodi hata kwa simu tu. Vyeti vipo, vimekaa kwenye masanduku chini ya vitanda vinaliwa na mende.

Na kama wanatafuta tarehe, meli za Waingereza zilitokea hapa Tanga 2 Novemba 1914, na 2 Novemba 1978 ndiyo Mwalimu alitangaza redioni kwamba tunakwenda kumpiga Amin. Siku moja inabeba yote mawili, gharama ya maturubai mara moja.

Cheti cha baba mkubwa mie ninacho. Wakiweka mtu wa kupokea vitu pale Boma nakipeleka asubuhi yake, ila nataka nipewe risiti.

Msomaji wako,
Ngamiani, Tanga