Hema lisipigwe kwenye mchanga wa mto

Mhariri,

Kila likizo ikikaribia, kurasa za safari za magazeti yetu, lako likiwamo, hupambwa na picha ya hema kando ya mto: mchanga mweupe, maji yanameremeta, nyuma msitu na migongo ya milima. Picha inavutia kweli, lakini hapo lilipopigwa hema ndipo pabaya kuliko pote bondeni. Sisi tunaoongoza wageni katika milima ya Udzungwa, Tanzania, tunaomba nafasi tueleze sababu, maana vikundi vya vijana vinapofika huanza kutafuta mahali panapofanana na pale pichani.

Mchanga ule uliletwa na mto wenyewe. Mto ulishapita juu yake na utapita tena. Upande wa mashariki wa Udzungwa, ardhi inapanda kutoka kama mita 250 kwenye bonde la Kilombero hadi kuvuka mita 2,000, na yote hayo ndani ya kilomita chache. Mito inayoshukia Mang'ula na Sanje ni mifupi na miteremko yake ni mikali. Maporomoko ya Sanje peke yake yana mita 170. Mvua ikimwagika kule juu, huku chini jua linaweza kuwa bado linawaka, na maji hayasubiri wingu likufikie. Korongo la Hell's Gate nchini Kenya lilipoteza watu 7 kwa mafuriko ya ghafla Aprili 2012, na wengine 7 Septemba 2019. Kwetu mvua huanza Novemba na kwenda hadi Mei, kwa hiyo likizo ya Desemba na ile ya Pasaka zote zinaangukia humo. Anayeweza kuchagua tarehe aje kati ya Juni na Oktoba.

Kabla ya kushusha mizigo, inua macho utazame matawi ya miti ya ukingoni. Mara nyingi utaona kishungi cha nyasi kavu kimenasa kwenye panda ya mti, juu kabisa ya kichwa chako, kimesokotana na vijiti kama kiota cha ndege. Ukikitikisa, mchanga unadondoka. Hicho ni kipimo cha mafuriko yaliyopita, na hakuna kibao kinachokishinda kwa ukweli. Panda kutoka usawa huo angalau mita 3 kwenda juu. Tunasisitiza kwenda juu, kwa sababu wengi hupima umbali kwa hatua: hatua 100 za tambarare hazikusaidii kitu kama zote ziko chini ya kishungi. Uepuke pia korongo kavu linaloingia mtoni, hata likionekana kama njia nzuri ya kupitia, na kisiwa cha katikati ya mto usikifikirie kabisa.

Wala usikimbilie kileleni. Mgongo wa mlima una upepo na radi. Mahali panapofaa ni begani, kwenye ngazi ya ardhi iliyotulia kati ya mto na mgongo. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Udzungwa kambi zimeshatengwa na huruhusiwi kulala popote upendapo. Njia ya kupanda kilele cha Mwanihana, ya siku 3, hutembewa na askari mwenye silaha. Lakini hata ndani ya kambi kuna pa kuchagua. Usilale chini ya mti wenye tawi kavu, kwa sababu tawi hilo huanguka hata pasipo upepo, likishalowa na kuwa zito. Usizibe njia pana iliyokanyagwa ikalainika, yenye kinyesi cha tembo, kwani tembo atapita njia yake ile ile usiku. Ndizi na maembe yasilale hemani. Kagua pia ardhi kama kuna msafara wa siafu. Wakishaingia hemani usiku, dawa ya kupuliza haiwamalizi. Toka, kung'uta nguo, na uwaache wapite.

Makosa ya kusimamisha hema ni machache lakini yanajirudia kila msimu. La kwanza ni turubai la chini. Watu hulitandaza likatokeza nje ya hema wakidhani wanajikinga na tope. Mvua inayotiririka kwenye ubavu wa hema huangukia turubai hilo, nalo huyaingiza maji yote chini ya godoro. Likunje liwe dogo kuliko sakafu ya hema kwa sentimita 5 kila upande. La pili ni vigingi. Udongo wa msituni ni mboji laini, na vile vigingi vifupi vinavyouzwa na hema hung'oka kwa upepo mmoja tu. Njoo na vya sentimita 25 hadi 30, fukua majani hadi ufikie udongo mgumu, kisha vipigilie vikiwa vimelala, vichwa vikielekea mbali na hema. Usikate fito mbichi. Kamba za nailoni hurefuka zikilowa, kwa hiyo zikaze tena kabla ya kulala.

Malalamiko tunayoyasikia zaidi asubuhi ni kwamba hema limevuja. Mara nyingi halijavuja. Usiku hewa baridi hutiririka kutoka migongoni ikajikusanya bondeni, na mvuke wa pumzi za watu wawili waliofunga kila zipu hugeuka matone kwenye kitambaa. Acha matundu ya juu wazi, na kitambaa cha nje kiachane na cha ndani kwa upana wa kiganja. Baridi hiyo hiyo huwafanya watu waingize jiko la mkaa hemani. Msifanye hivyo hata kwa dakika 5, hata makaa yakiwa yamefifia. Hewa yake ya sumu haina harufu, na aliyelala haamki.

Choo kiwe shimo la kina cha sentimita 15 hadi 20, mita 60 kutoka kwenye maji, na maji ya kunywa yachemke kwa nguvu hata kama yanaonekana safi kama kioo.

Jioni, chomeka kijiti pale hasa maji yanapogusa ukingo, kisha ukitazame kabla ya kulala na kila unapoamka. Maji yakigeuka rangi ya chai ya maziwa, yakianza kubeba majani mabichi na vijiti, au ngurumo yake ikibadilika, amsha wenzako mpande juu. Kinachotisha zaidi ni mto kupungua ghafla wakati mvua inanyesha juu, kwa sababu huenda magogo yameuziba na unasubiri kupasuka. Hema na sufuria viacheni. Msijaribu kuvuka kuelekea gari. Maji ya kasi yakifika magotini humwangusha mtu mzima mwenye nguvu zake, na usiku huwezi kuona mawe yanayobingirika chini yake.

Tunaomba jambo moja, Mhariri: mtakapochapa tena picha ya hema bondeni, muandike chini yake lilikuwa mita ngapi juu ya mto, na lilipigwa mwezi gani.

Waongoza wageni,
Mang'ula, Kilombero