Binti yangu anajitukana kisa D ya hesabu

Anti shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Igombe huku Mwanza, naanika na kuuza dagaa. Naomba unishauri kuhusu binti yangu wa kwanza, ana miaka 15, yuko fomu tri.

Juzi karudi na mtihani wa hesabu kapata 34, D. Wala sikumgombeza. Usiku natafuta karatasi ya kupigia mahesabu yangu, nafungua daftari lake nyuma nakuta kaandika "mjinga wewe, ng'ombe wewe, utaishia kuanika dagaa", mistari ukurasa mzima, anti, peni kaikandamiza mpaka karatasi imetoboka. (Hiyo ya dagaa iliniuma nisikufiche, si ndo zinazomnunulia hayo madaftari.)

Kinachonichanganya, rafiki yake wanaokaa dawati moja kapata 19 na nilimsikia binti yangu kwa masikio yangu anambembeleza, "usilie shosti, ni topiki tu hatujaielewa, jumamosi njoo tusome". Yaani maneno mazuri anayo ila yote anagawa, yeye hajibakizii hata moja.

Halafu wiki iliyopita mvua ikatukuta dagaa bado ziko mchangani, na zikishaloa hazina mnunuzi zaidi ya watu wa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa, basi nikawa nazoa huku najisemea kwa sauti "mjinga mimi, ng'ombe mimi". Nainua macho, huyo hapo kashika ndoo ananiangalia. Nikanyamaza. Kumbe ng'ombe kamtoa kwangu.

Baba yake anasema nikimbembeleza atabweteka na mwakani ni fomu foo. Nesi mmoja tunaosali naye kaniambia kuna mtafiti wa Marekani, Kristin Neff, anafundisha kwamba ukikosea ujisemeshe kama ungemsemesha rafiki yako, na hiyo haimfanyi mtu mvivu. Nikamwambia mtoto hivyohivyo, akacheka, "mama, yule rafiki yangu ana akili ila hakusoma, mi nimesoma na bado", akajifunika shuka mpaka kichwani. Hapo nikakosa jibu.

Sasa anti, nimwambie nimeliona daftari au nikaushe? Maana atajua nimempekua. Na huyo wa "nimesoma na bado" unamjibu nini? Na mimi mwenyewe nianzie wapi, mdomo umeshazoea na mvua ndo kwanza zinaendelea.

Mama wa Igombe